MAJI YASIYOVULIWA NGUO

Wahenga walituachia usemi kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Walinena hivyo, ndugu msomaji, kwa kuwa waliyajua maji ya kwao. Waliijua Bahari ya Hindi, ambayo kandokando ya Unguja, Mafia na Mombasa huwa na joto la digrii 25 hadi 29 karibu mwaka mzima. Hayo ni maji ambayo mtoto huyarukia akitoka shuleni, na mvuvi huyashukia alfajiri hali amejifunga kikoi tu. Lakini dunia ni pana na maji yake hayafanani. Yako maji ambayo binadamu hayavulii nguo hata kidogo, bali huyavalia; tena huyavalia kwa utaratibu, nguo juu ya nguo, akisaidiwa na mwenzake, kabla hajatia hata kidole cha mguu.

Leo tunakualika tusafiri pamoja hadi kwenye maji ya namna hiyo. Yapo katika nchi ya Iceland, ndani ya ufa mwembamba uitwao Silfra, na watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuzama humo. Tukifika tutatazama uzuri wa mahali hapo, lakini tutatazama zaidi jambo moja ambalo wageni wengi hulipuuza mpaka wamechelewa: vazi la mzamiaji, na kitambaa kilicholifanya. Kwani katika maji yale kitambaa si suala la urembo. Ni suala la kurudi nyumbani au kutorudi.

NCHI INAYOPASUKA

Iceland ni kisiwa kilichoko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, karibu kabisa na Duara la Aktiki. Mgeni hushukia uwanja wa ndege wa Keflavik, akaenda hadi Reykjavik, mji mkuu, na kutoka hapo husafiri kwa gari kiasi cha kilomita 45 mpaka bonde la Thingvellir. Njiani usitazamie misitu. Utaona nyanda za mawe meusi yaliyotapikwa na volkano, yamevikwa kijani kifupi na laini kama zulia. Mwezi Desemba jua huchomoza kwa muda wa saa nne hivi tu, likazama. Mwezi Juni usiku hauingii giza kamili.

Thingvellir si bonde la kawaida. Hapa ndipo wenyeji wa kisiwa hiki walipoanza kukusanyika mwaka 930 kuunda baraza lao la kutunga sheria, wakikaa chini ya mbingu, na msomaji wa sheria akisimama juu ya mwamba. Baraza hilo liliendelea kukutana hapo hadi mwaka 1798. Na ilipofika tarehe 17 Juni, 1944, wananchi walirudi katika bonde hilohilo kutangaza Jamhuri yao. Mwaka 2004 mahali hapa paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini chini ya miguu ya watunga sheria hao ardhi yenyewe ilikuwa haitulii. Bonde hili limekaa mahali ambapo mabamba mawili makubwa ya ardhi yanaachana: bamba la Amerika ya Kaskazini upande wa magharibi, na bamba la Ulaya na Asia upande wa mashariki. Huachana kwa wastani wa sentimita mbili hivi kila mwaka, polepole kuliko ukucha wa kidole chako unavyoota. Sisi tuishio Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani nasi tuna Bonde la Ufa, na mabamba yetu yanaachana vilevile, ingawa kwa mwendo wa milimita chache tu kwa mwaka. Ziwa Natron, Ziwa Manyara na Ziwa Tanganyika ni watoto wa mpasuko huo. Tofauti iliyopo ni kwamba nyufa zetu zilijaa maji ya nchi za joto, na ufa wa Silfra ulijaa maji ya barafu.

Ufa wenyewe ulifunguka katika matetemeko ya ardhi ya mwaka 1789, bonde lilipotitia. Ziko sehemu ambazo ni nyembamba kiasi kwamba mzamiaji akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, na waongozaji hupenda kumwambia kuwa amegusa mabara mawili kwa pamoja. Ni maneno matamu, ila ukweli ni mpana zaidi: mpaka wa mabamba hayo si mstari mmoja, bali ni ukanda wa nyufa nyingi uliochukua bonde zima. Hata hivyo, yeyote anayeelea katikati ya kuta zile hahitaji kutiwa chumvi ili ashangae.

MAJI YALIYOCHUJWA KWA MIAKA

Kiasi cha kilomita 50 kutoka Thingvellir umelala uwanda mkubwa wa barafu uitwao Langjökull, wa pili kwa ukubwa katika Iceland. Barafu hiyo inapoyeyuka, baadhi ya maji yake hayatiririki juu ya ardhi. Hudidimia katika mawe ya volkano yenye vitundu, yakasafiri chini kwa chini kwa muda unaokadiriwa kuwa kati ya miaka 30 na 100, ndipo yanapochomoza Silfra. Kwa hiyo mtu azamaye leo anaelea katika maji ambayo baadhi yake yaliyeyuka kabla babu yake hajaoa.

Safari hiyo ndefu huyachuja maji hata yakawa safi ajabu. Mzamiaji huona mbele yake umbali wa zaidi ya mita 100. Wengine hupatwa na kizunguzungu, kwa kuwa macho hayaoni maji. Huona bonde tupu, nao wananing'inia juu yake. Maji hayo hunywewa vivyo hivyo yalivyo. Samaki ni wachache ndani ya ufa, lakini mawe yamevaa mimea ya majini yenye rangi ya kijani kikali, mirefu na myembamba kama nywele.

Na baridi je? Joto la maji ya Silfra ni kati ya digrii 2 na 4, kiangazi na kipupwe. Hayagandi kwa sababu yanatembea daima kuelekea ziwani. Ili ujue maana ya digrii mbili, chukua jagi la maji, lijaze vipande vya barafu, koroga, kisha tia mkono mpaka kifundoni. Hesabu moja hadi sitini.  Sasa fikiri mwili mzima, na muda wa dakika thelathini au arobaini, kwani hiyo ndiyo safari ya kawaida ya kuvuka ufa ule.

ADUI ASIYEONEKANA

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la digrii 37. Maji huuibia mwili joto kwa kasi ipatayo mara 25 kuliko hewa yenye baridi ileile. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama nje kwenye hewa ya digrii tatu akiwa na shati na koti, akapiga soga, lakini akianguka katika maji ya digrii tatu hana tena muda wa soga.

Wataalamu wa uokoaji hufundisha hesabu nyepesi ya kukumbuka. Katika dakika moja ya mwanzo, mtu aliyeanguka katika maji ya barafu hana budi kupigana na pumzi yake, kwa maana baridi humfanya ahemehe bila kutaka. Katika dakika kumi zifuatazo, mikono na miguu yake bado humtii, kisha huanza kumwasi. Vidole haviwezi kushika kamba wala kufungua kifungo. Na kiasi cha saa moja ndiyo muda alio nao kabla ya kupoteza fahamu. Kumbuka kwamba mzamiaji yuko chini ya maji, na uhai wake wote unategemea vidole hivyo viweze kubonyeza vali, kufungua mkanda na kushika mkono wa mwenzake. Kwake yeye zile dakika kumi ndizo kila kitu.

Katika bahari za joto la wastani wazamiaji huvaa vazi la kubana linaloruhusu maji machache kupenya. Maji hayo hukaa kati ya vazi na ngozi, mwili ukayapasha moto. Vazi hilo lina manufaa yake, lakini Silfra halitoshi, na masharti ya hifadhi yanamtaka kila mzamiaji avae vazi kavu. Yaani vazi ambalo, likifungwa, halipitishi tone.

VAZI KAVU NI NINI?

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza ya kitambaa kilichotengenezwa kwa kubandika tabaka la mpira katikati ya vitambaa viwili. Mwaka 1837 Augustus Siebe, fundi aliyefanya kazi mjini London, alitengeneza vazi zima la kuzamia lililounganishwa na kofia ya madini, na hewa ikapulizwa ndani kwa pampu kutoka juu. Wajenzi wa bandari na madaraja wa zama zile walishuka na mavazi ya namna hiyo.

Vazi kavu la leo limeachana na ile kofia nzito, lakini kanuni ni ileile. Ni kama ovaroli ya fundi makenika iliyoungana na viatu vyake. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono pana mikanda laini ya mpira inayobana ngozi ili maji yasipite. Mlango wa kuingilia ni zipu nene isiyovuja. Kifuani pana vali ya kuingizia hewa kutoka kwenye mtungi, na juu ya mkono wa kushoto pana vali ya kuitoa.

Hewa hiyo ndiyo siri ya mambo yote. Kinachotia joto si vazi, ni hewa iliyonaswa ndani yake, kama blanketi linavyotia joto kwa hewa iliyonaswa katika nyuzi zake. Lakini hewa ina tabia moja: ikikandamizwa husinyaa. Mzamiaji akishuka mita kumi, mgandamizo unaomzunguka huwa mara mbili ya ule wa juu. Asipoongeza hewa, vazi humbana mpaka nyuzi za nguo humwachia alama mwilini. Akipanda, hewa hutanuka. Asipoitoa, humrusha juu kama boya, na kupanda kwa kasi namna hiyo kumewaua wengi. Ndiyo maana haitoshi kununua vazi kavu. Yapasa mtu afundishwe kulivaa.

Sasa twende kwenye vitambaa. Vipo vya aina tatu kubwa, na kila kimoja kina ahadi yake na deni lake.

KITAMBAA CHA KWANZA: NEOPRINI

Neoprini ni mpira wa kiwandani uliogunduliwa na wanakemia wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1930. Kwa ajili ya mavazi huumuliwa kama mkate, ukajaa vipovu vidogo vya gesi visivyohesabika, kila kimoja kimefungwa peke yake. Unene wake huwa mara nyingi milimita saba hivi.

Ahadi yake ni hii: kitambaa chenyewe kina joto. Vile vipovu ni hewa iliyonaswa, kwa hiyo hata mtu akivaa nguo chache ndani hupata hifadhi. Tena hunyumbulika, hukaa karibu na mwili, na mzamiaji huogelea bila vazi kupepea. Bei yake kwa kawaida ni nafuu.

Deni lake nalo si dogo. Vipovu navyo ni hewa, na hewa tumekwisha kuijua tabia yake. Mzamiaji anaposhuka, vipovu husinyaa. Vazi lililokuwa nene juu huwa jembamba chini, na joto hupungua palepale baridi na kina vinapozidi. Uelevu nao hupungua, hivyo mtu hujiona mzito. Aidha, kwa kuwa vazi hili huelea sana likiwa juu, humlazimu abebe risasi nyingi zaidi kiunoni ili aweze kuzama. Likiisha kutumika huchukua muda mrefu kukauka, na likitoboka tundu ni taabu kulipata, kwa maana maji huingia mahali pamoja yakatokea pengine.

Ipo ndugu yake iitwayo neoprini iliyoshindiliwa. Hiyo hukandamizwa kiwandani mpaka vipovu vinasinyaa kabla ya kufika majini. Hubadilika kidogo sana kina kinapoongezeka, na ni ngumu kwelikweli dhidi ya mikwaruzo. Ila ni nzito, ghali, na imepoteza sehemu kubwa ya joto la asili yake.

KITAMBAA CHA PILI: TABAKA TATU

Kitambaa hiki ni kitukuu cha kile cha Macintosh. Ni tabaka jembamba la mpira lililolazwa katikati ya vitambaa viwili, vya nailoni au poliesta. Ni chepesi, hukunjwa kikaingia mkobani, na hukauka upesi. Hakina vipovu, hivyo hakibadiliki mtu ashuke mita tano au hamsini. Kikitoboka, tundu huonekana, nalo huzibwa kwa gundi na kiraka.

Lakini msomaji ujue wazi: kitambaa hiki hakina joto lake chenyewe. Ni ukuta tu wa kuzuia maji. Joto lote hutoka katika nguo za ndani. Hilo ni jema kwa upande mmoja, kwani vazi lilelile humfaa mtu katika maji ya digrii 15 na ya digrii 3. Hubadilisha nguo za ndani tu. Kwa upande wa pili ni hatari. Zipu ikiachia au tundu kubwa likifunguka, zile nguo za ndani hulowa, hewa hutoka, na mzamiaji hubaki amevaa karatasi katikati ya barafu.

Kwa kuwa hakinyumbuliki, hukatwa kipana ili mtu aweze kuinama na kufikia vali zake. Upana huo huleta mikunjo, na mikunjo humchosha muogeleaji.

KITAMBAA CHA TATU: MPIRA MTUPU

Cha tatu ni kitambaa kizito kilichopakwa mpira, kisha vazi zima likapikwa kwa joto hata viungo vikashikamana kama kitu kimoja. Uso wake ni laini na unateleza. Uchafu haupati pa kujificha. Mzamiaji akitoka husafishwa kwa maji na dawa, akawa safi. Ndiyo sababu vazi hili hupendwa na wazamiaji wa polisi, wa zimamoto na wa bandarini, wale ambao kazi yao huwapeleka katika maji machafu yenye taka. Kiraka chake ni kama cha mpira wa baiskeli: kwangua, paka gundi, bandika, na baada ya muda mfupi kazi inaendelea.

Deni lake ni kwamba, kama kile cha tabaka tatu, hakina joto lake. Ni kigumu kunyumbuka. Na kitu chenye ncha kali hukichoma kwa urahisi. Mpira wa asili, kadhalika, huharibiwa na jua na mafuta.

KIPI BASI KILICHO BORA?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa shamba lile walilolisemea walikuwa na haki. Lakini katika maji ya barafu, asiyechagua ndiye asiye mzamiaji. Wengi huuliza, "Kipi kina joto zaidi?" Swali hilo halina jibu moja. Maswali yaliyo na faida ni mawili. La kwanza: kitambaa hiki kitakuwaje kule chini ninakokwenda? La pili, lililo kubwa zaidi: siku kitakapotoboka, nitabakiwa na nini?

Tutazame Silfra. Humo huingia watu wa namna mbili. Wapo wanaoelea juu tu, uso umetazama chini, wakipumua kwa mrija. Hao hawashuki, kwa hiyo vipovu vya neoprini havisinyai. Joto lote la kitambaa hubaki, na uelevu wake, ambao kwa mwingine ni kero, kwao ni salama, kwa maana hata asiyejua kuogelea vizuri hazami. Likiingia maji kidogo, kitambaa chenyewe bado kinamhifadhi mpaka afike kwenye ngazi. Kwa mtu huyo neoprini nene haina mpinzani, na ndiyo ambayo wageni wengi wa juu ya maji huvishwa pale.

Yupo na yule anayezama kwa mtungi. Ufa una sehemu zinazofikia kina cha mita 63, ila sheria humruhusu mita 18 tu. Hapo mgandamizo unakaribia mara tatu ya ule wa juu, na neoprini ya vipovu imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya unene wake. Kwake yeye tabaka tatu na nguo nzito za ndani, au neoprini iliyoshindiliwa, ndivyo vinavyotimiza ahadi. Lakini akichagua tabaka tatu, awe amekubali moyoni kwamba hana akiba. Kwa hiyo njia ya kutokea aijue, na zipu aikague mara mbili.

Silfra ni maji matulivu yasiyo na vitu vya kukwaruza, ukiacha mawe. Tuiweke kando tuifikirie ghuba ya Scapa Flow, katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Tarehe 21 Juni, 1919, manowari za Ujerumani zilizokuwa zimezuiliwa hapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe. Kati ya meli 74, meli 52 zilikwenda chini. Nyingi ziliopolewa baadaye, lakini saba kubwa zimebaki, baadhi zikiwa kwenye kina cha mita 40 na zaidi. Maji yale wakati wa kiangazi hufika digrii 13 hivi, kwa hiyo baridi si ile ya Silfra. Adui mkubwa pale ni kina, na chuma kilicholika kutu, chenye makali kama wembe. Neoprini ya vipovu kwenye mita 40 ni kama kanzu ya melimeli. Hapo mtu huvaa tabaka tatu iliyotiwa viraka vigumu magotini na viwikoni, ama neoprini iliyoshindiliwa.

Na yule anayeshuka bandarini kukagua nguzo za gati katika maji ya mafuta na taka, huyo hajali uzuri wala wepesi. Anachotaka ni uso usioshika uchafu. Huvaa mpira.

Waona basi, ndugu msomaji, kwamba watu watatu wenye akili timamu huvaa vitambaa vitatu, na kila mmoja yu sahihi kwa maji yake. Anayekosea ni yule anayevaa kwa kumwiga jirani.

MAMBO MADOGO YALIYO MAKUBWA

Yapo mengine ambayo kitambaa kizuri hakiwezi kuyafidia.

Nguo za ndani. Usivae pamba. Pamba hunywa jasho, ikalowa, ikageuka kuwa adui ndani ya ngome. Sufu hulinda joto hata ikiwa na unyevu, na manyoya ya poliesta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo nayo hufanya vyema.

Mikanda ya shingo na mikono. Ile ya lateksi ni laini na huziba vizuri, lakini hupasuka upesi ikiguswa na mafuta au ikiachwa juani. Ile ya neoprini hudumu zaidi na ina joto. Ile ya silikoni ni laini kuliko zote na huwafaa ambao ngozi zao hukataa lateksi, ila huwa na pete yake maalumu, kwani gundi haiishiki. Bangili, saa na mkufu vivuliwe kabla ya kuvaa.

Zipu. Ile ya meno ya shaba hupakwa nta, na haikunjwi kwa nguvu. Mazamio mengi yameharibika kwa sababu ya jino moja la zipu.

Mikono na uso. Hivi havimo ndani ya vazi. Hata aliyevaa vizuri kuliko wote hutoka Silfra midomo imekufa ganzi asiweze kutamka jina lake sawasawa. Ukitaka kujua kama mwenzako amepatwa na baridi, mtazame vidole. Akishindwa kubana kidole gumba na cha mwisho, safari yake imekwisha, hata akisema bado yuko imara.

Maonyo haya si maneno matupu. Ufa huu mzuri umekwisha kuchukua maisha ya watu. Mwaka 2017, baada ya mgeni mmoja kufa, ulifungwa kwa muda, na ulipofunguliwa masharti yalikuwa yamekazwa. Mzamiaji sasa hana budi kuthibitisha kuwa amefunzwa au ana uzoefu wa vazi kavu, wala haruhusiwi kuingia katika mapango yaliyoko chini ya miamba.

Yamkini wewe unayesoma haya hutazamii kununua vazi kavu kamwe. Safari yako ya mwisho wa juma ni Bagamoyo au Kigamboni, na maji ya huko hayadai zaidi ya taulo. Lakini kila mwenye nyumba anajua kwamba paa halichaguliwi siku ya jua, na kila mzazi anayemnunulia mtoto viatu vya shule huvigeuza akatazama soli kabla ya kutazama rangi. Wazamiaji wa Silfra hufanya hivyo hivyo kando ya maji ya digrii mbili, upepo ukiwapiga. Mmoja humfungia mwenzake zipu ya mgongoni, hupitisha kidole kwenye kila jino kuhakikisha limeuma, hukagua ukanda wa shingo kama haukushika unywele, kisha humgonga begani mara moja. Ndipo wanaposhuka ngazi ya chuma, wawili wawili, wakaingia katika maji ambayo huwezi kuyaona.